Don Chendo Kumul na Breki za Kigari Namba 14

Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, saa sita mchana, Rosendo Kumul, ambaye mji wote wa San Pedro, kisiwani hapa Belize, unamwita Don Chendo, atatundika aproni yake kwenye msumari wa karakana yetu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kutengeneza breki za vigari vya gofu. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 1 Februari 1993, karakana ikiwa na vigari sita vya kukodisha. Leo tunavyo themanini na vitatu.

Katika toleo la Aprili 2012, jarida hili la karakana liliandika juu yake jambo lisilo la kweli, na halijasahihishwa hadi leo. Doña Amparo Graniel, mwenye karakana, ameniruhusu kulisahihisha hapa kabla Don Chendo hajaondoka. Nitafika huko. Kwanza kazi yake.

Kisiwani kwetu kigari ndicho teksi, ndicho gari la harusi, ndicho kinachowapeleka watoto shule. Breki zake ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu, na chumvi na mchanga havina likizo. Don Chendo hapokei kigari bila kukiendesha kwanza, tena peku, kwa sababu anasema kiatu hudanganya. Pedali ikizama hadi sakafuni, anajua shuu zimelika, yaani vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinavyotanuka ndani ya dramu na kubana ukuta wake. Kigari kikivuta upande mmoja, kebo ya upande mwingine imeshikwa na kutu. Kikilia kama paka, ni mchanga.

Ndipo anapoweka jeki. Anavua dramu, anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi bila kulipuliza, anapanga springi juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kisha anasugua kutu kwa msasa bila haraka. Huanza na gurudumu la kushoto, na haligusi la kulia hadi la kushoto lifungwe, ili akisahau kitu awe na mfano wa kutazama.

Wateja hutoka na utani wake pia. Mwaka 2004 Felipa Varela, muuza samaki, alileta kigari chenye dramu zilizoganda kabisa.

"Felipa, umekiogesha baharini?"

"Si maji tu, Don Chendo?"

"Na wewe ukitoka humo hujisuuzi? Au ndiyo maana mumeo kahamia Corozal?"

Felipa alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kigari chake hakikuoga tena maji ya chumvi. Naye Don Chendo mwenyewe, fundi breki wa kisiwa kizima, huja kazini kwa baiskeli isiyo na breki hata moja. Husimama kwa ndala.

Sasa lile la Aprili 2012.

Wiki ya Pasaka hakuna kigari kinachobaki uwanjani. Jumanne tarehe 3 Don Chendo alikwenda kung'olewa jino. Mchana kigari namba 14 kikarudishwa, pedali imelegea, na mteja mwingine amekwisha kusimama mlangoni. Chini ya sakafu ya kila kigari ipo nati inayovuta kebo za breki. Ukiikaza, pedali hupanda papo hapo na kila mtu hufurahi. Lakini shuu zilizolika hubaki zimelika, na kile kifaa kidogo ndani ya dramu, kinachozisogeza kadiri zinavyopungua, hukwama. Breki huonekana imepona mpaka siku inapokwisha kabisa. Don Chendo alikuwa ametukataza sote kuigusa nati hiyo kabla ya kufungua dramu.

Niliigusa mimi. Nilikuwa karani wa vipuri niliyejiona fundi. Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Na. 14. Nimekaza nati, mizunguko saba. Pedali imepanda vizuri. Mteja ameridhika." Nikaitia nati tone la rangi nyeupe, kama ilivyo desturi yangu kuweka alama kila ninapopita.

Alhamisi familia moja kutoka Orange Walk ilikiegesha namba 14 kwenye mteremko wa kupakilia tishari, ukingoni mwa wangwa. Bibi wa familia alikuwa ndiyo kwanza ameteremka. Kigari kikashuka taratibu, pamoja na sanduku lao la barafu na vyote vilivyokuwamo, kikaingia majini. Hakuna aliyeumia. Bibi alipiga kelele moja tu: "Viatu vyangu vya kanisani!"

Doña Amparo hakucheka. "Chendo, huyu bibi angekuwa bado amekaa humo, leo ningewaambia nini watu wake? Pasaka ikiisha, kusanya spana zako."

Don Chendo aliomba kitu kimoja: kigari kivutwe nje na kifunguliwe mbele yake. Kilifunguliwa Jumamosi. Shuu zilikuwa chuma kitupu. Kisha akalala chali chini ya sakafu, nami nikammulikia nati: nyuzi saba za skrubu yake ziling'aa katikati ya kutu, ishara kwamba ilikuwa imekazwa karibuni. Alimwita Doña Amparo aje aone. Kabla Doña hajainama, mimi niliyekuwa nimeshika taa niliona ncha ya bisibisi yake ikikwangua lile tone jeupe, mara mbili, likaisha.

"Nani kaikaza?" Doña Amparo akauliza.

"Breki ni zangu, Doña."

"Sijauliza breki ni za nani."

"Najua. Lakini ndilo jibu nililonalo."

Hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi, na ukuu wa karakana, alioahidiwa kuupata baada ya Pasaka, ukapewa mtu kutoka Belize City. Jarida likaandika "kosa la ufundi la R. Kumul." Nakala zile nilizikunja kwa mikono yangu mwenyewe, nikanyamaza.

Jumanne iliyofuata Don Chendo alinirushia aproni. "Vua dramu hiyo. Kushoto kwanza." Ndivyo nilivyoanza kufundishwa breki, na katika miaka kumi na mitatu hakunitajia nati ile hata mara moja.

Wiki hiyohiyo alianza desturi ambayo kisiwa kizima kinaijua. Kila kigari kinachomaliza kufanyiwa breki hukipeleka kwenye mteremko wa tishari, akakielekeza majini, akafunga breki, kisha akaketi humo kula kifungua kinywa: kahawa na frai-jeki yake, mkate wa kukaangwa uliojazwa maharage. Akimaliza kula na kigari hakijasogea, mteja hupewa ufunguo.

"Utaliwa na mamba, Don Chendo!" Felipa humpigia kelele akipita.

"Mamba wa hapa wanataka frai-jeki. Mimi mzee sina ladha."

Hakijashuka hata kimoja.

Jumatatu tarehe 19 mwezi huu nilimpelekea Doña Amparo shajara ya 2012. Alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Miaka kumi na mitatu, Delmar! Na kila mwaka unakula keki yake ya kuzaliwa?"

Nikakubali.

"Vipande viwili," akasema. "Nakuona."

Onyo limeondolewa kwenye faili yake. Ukuu wa karakana hauwezi kurudishwa nyuma, na hilo nalibeba mimi. Basi wafanyakazi wote wasome hivi: kigari namba 14 hakikuingia majini kwa kosa la Rosendo Kumul. Kosa lilikuwa la Delmar Eiley.

Nilipokwenda kumwambia mwenyewe, alikuwa anapanga springi juu ya gazeti. Hakuinua kichwa. "Nilidhani utangoja mpaka nife." Nikamuuliza kwa nini aliikwangua alama yangu. "Ulikuwa na mapacha wa wiki tatu nyumbani. Mimi nilikuwa na jino tu. Nipe hiyo springi ndefu."

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya sherehe ya kumuaga, kigari namba 14 kitakuwa kwenye mteremko wa tishari, kimeelekezwa majini. Shuu, springi na kebo zake ni mpya, na nimezifunga mimi, kushoto kwanza. Don Chendo ameahidi kula kifungua kinywa chake cha mwisho cha kazi ndani yake. Kiti cha pili ni changu.

Asante, Don Chendo, kwa mikono yako na kwa kimya chako. Sisi sote wa karakana tunakuombea afya, usingizi mzuri na asubuhi ndefu zisizo na jeki. Nati ya namba 14 nimeitia tone la rangi nyeupe. Safari hii usiikwangue.

Delmar Eiley, karakana ya breki