Maazimio Mawili, Mstari Mmoja

Benchi la ushirika wa wakulima liko kati ya mizani ya malori na birika kubwa la kahawa. Kila siku saa tatu asubuhi, nguruwe wakishalishwa, wazee walewale watatu hulikalia. Verlyn wanamwita Redio, kwa kuwa redio ya trekta lake haizimwi tangu kupanda hadi kuvuna, na kila anachokisikia humo hukileta benchini kikiwa bado cha moto. Arlyn ni Shemasi, kanisani na hata nje ya kanisa. Harlan ni Soya, na zao lake ni hilohilo. Dada yake Harlan, Marlys, hukaa nyuma ya kidirisha akipima malori. Yeye ndiye karani wa chama cha wahafidhina katika kata, si kwa kupenda siasa, ila kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Asubuhi hiyo ya Januari, theluji ikiwa imefika magotini, alikata simu akafungua kidirisha.

— Jamani, wilaya wamepiga. Jana kwenye mkutano wa chama, pale darasani shuleni, tulipitisha azimio la kutoza ushuru mkali bidhaa za nje. Halafu tukapitisha lingine la kufuta ushuru, biashara iwe huru. Yote mawili bila pingamizi.

— Vizuri, akasema Shemasi. Umoja ni nguvu.

— Fomu yao ina mstari mmoja wa azimio, Shemasi. Wanataka jibu kabla ya saa nne.

Redio akaweka kikombe chini taratibu.

— Nilijua. Kuna mkono wa mtu hapa.

Hapakuwa na mkono wa mtu. Redio alisimama jana akasoma azimio lake la ushuru, na katika kata ile hakuna anayemwambia jirani “hapana” akiwa amesimama na karatasi mkononi. Kisha akasimama Harlan na lake la biashara huru, na yeye vilevile hawakutaka kumwaibisha. Marlys mwenyewe aliitikia “ndiyo” mara mbili huku akiwazia vyombo alivyoviacha bila kuoshwa.

Leo hakuweza kusema ndiyo mbili. Mumewe, Delwyn, anachomelea vyuma katika kiwanda cha mitambo ya kupandisha nafaka ghalani. Kiwanda kimeshatamka kwamba mitambo rahisi ya kutoka nje ikiendelea kuingia, zamu yake itafungwa. Zamu ndiyo bima ya matibabu, na bima ndiyo insulini ya binti yao Krista. Upande wa pili, Wachina, wanunuzi wakubwa wa soya, wakilipiza ushuru kwa ushuru, soya ya Harlan itakosa mnunuzi, na malori ya kupimwa yatapungua pamoja na kibarua chake yeye.

— Nisaidieni, akasema. Niandike lipi?

— Biashara huru, akadakia Harlan. Uhafidhina niliofundishwa na baba yetu ni huu: serikali ikae kwake, mimi nikae kwangu.

— Kaka, huo ni wa zama za baba yako, Redio akamkatiza. Chama kimegeuka. Siku hizi tunalinda kiwanda na mfanyakazi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana simwamini Mchina.

— Hiyo methali inahusu akiba, Redio, akasema Harlan.

— Na yeye si anaweka akiba? Anaiwekea nini?

— Mbona hundi ya ruzuku ikija huiambii serikali ikae kwake? Shemasi akamchokoza Harlan.

— Yako uliirudisha lini?

Shemasi akatazama birika.

— Tusigombane, akasema. Swali ni kwa nini wilaya wanatubana sasa hivi. Mliona joto la jana? Waliwasha hita, wakawasha, mpaka watu wakasinzia. Aliyesinzia hupitisha chochote.

— Na viti! Redio akaruka. Viti vya watoto wa chekechea! Mtu magoti yamefika masikioni, atapata wapi pumzi ya kupinga?

— Na kahawa yao ilikuwa ile iliyotolewa nguvu, Harlan akaongeza, naye alikuwa ameanza kuamini. Nilikunywa vikombe vinne nikalala kama gogo.

— Mnaona? akasema Redio. Watugawe, soya ianguke, shamba liuzwe, anunue nani? Tajiri wa mjini ambaye hajui nguruwe ana kwato ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Mimi nimevaa ovaroli, Redio, akasema Harlan. Hakuna anayeingia humu.

Marlys alitazama saa. Saa nne kasoro dakika nane.

Mlango ukafunguka, upepo ukaingia na Wilmer, wa banda la nguruwe la kaskazini, amekuja kuchukua risiti ya mizani. Alipata uraia vuli iliyopita. Jana alikaa safu ya nyuma akiandika kila kitu daftarini.

— Na huyu alikuwa anaandika nini? Redio akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi mizanini.

— Nilikuwa najifunza, mzee, akasema Wilmer. Samahani, naomba kuuliza. Mkutano wa kabla ya huu mlipeleka azimio gani? Na wilaya walijibu nini?

Redio akamtazama Shemasi. Shemasi akahesabu kitu kwa vidole, akaacha. Harlan akamgeukia dada yake, karani, na Marlys akatikisa kichwa. Azimio hilo aliliandika yeye, kwa mkono wake, na halikumbuki hata neno.

Akampa Wilmer risiti yake. Kisha, akijua kwamba hata hili litasahaulika, akavuta fomu, akaandika mara moja bila kufuta, akaitia kwenye mashine ya faksi. Ikamezwa polepole.

— Umeandika lipi? akauliza Harlan.

— La ushuru.

— Marlys! Soya yangu je?

— Kaka, lilipoletwa jana uliulizwa mbele ya watu wote. Ulisema ndiyo.

Harlan akageukia benchi. Wenzake wawili wakatazama theluji dirishani, kila mmoja akikumbuka ndiyo zake.