Namba Moja Hapa Kenya

Mwaka 1974, kwenye basi la kutoka Busia, mama mmoja alimwambia mzee aliyeketi karibu naye kwamba binti yake, Amoit, ameitwa na vyuo vikuu viwili, Makerere kule Uganda na Nairobi, na hajui amwambie aende wapi.

"Nairobi," mzee akasema. "Serikali inasema hiyo ndiyo namba moja." "Kati ya ngapi?" mama akauliza. "Hapa Kenya iko hiyo tu." "Sasa inapangwa ya nini, mzee?" "Inapangwa ndio watoto wake wapate kazi mbele ya wale wa ng'ambo. Na Uganda wanafanya hivyo hivyo na yao."

Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilicheka kicheko cha msomi na kunyoosha tai yangu. Mama akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, ulisoma chuo gani?"

Basi lilikuwa linasimama Malaba. Chuo sijawahi kukanyaga; nilishuka haraka, ingawa tikiti yangu ilikuwa ya Bungoma.