Risala ya Wakulima wa Mtaa wa Larkin kwa Meya, Kuhusu Miche Iliyomngoja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Royce Tillery, na wote mlioambatana naye,

Sisi wakulima thelathini na wawili wa Bustani ya Mtaa wa Larkin tunakukaribisha kwa furaha. Tumekuwa tukikukaribisha tangu Agosti, hivyo kazi hii tumeshaizoea.

HISTORIA FUPI

Kwa miaka sita tumekuwa tukilima mboga za vuli na kuzipeleka kwa wazee wanaotunzwa katika Nyumba ya Magnolia, ambao mboga yao nyingine hutoka kwenye kopo. Miche huoteshwa na Mama Odessa Ivey, muuguzi mstaafu. Julai jua la Georgia huoka udongo, kwa hiyo yeye husia mbegu kwenye vikombe ndani ya bafu lake, penye ubaridi. Mumewe, Shemasi Thurman, alilalamika: "Odessa, sasa mimi nitaoga wapi?"

"Kaogee kanisani. Si kuna kisima cha ubatizo?"

MAFANIKIO

Mwisho wa Agosti tulikuwa na miche mia tatu ya sukuma wiki, kabichi na brokoli, imeshazoeshwa jua, tayari kwenda shambani. Hapo ikaja barua ya ofisi yako: asipande mtu kabla mgeni rasmi hajapanda mche wa kwanza.

Mara ya kwanza hukuja kwa sababu ya joto. Mara ya pili uliitwa kufungua uwanja wa gofu, ambako tunaamini joto lilikuwa limepungua. Mama Odessa akampigia simu msaidizi wako.

"Mama, subirini kidogo tu. Si mimea hiyo?"

"Mwanangu, mimi nasubiri. Mizizi nayo niiambieje?"

Jumapili ile, baada ya ibada, alichukua sepetu akaanza kupanda. Tukamfuata na nguo zetu za kanisani. Tulipanda nusu. Nusu tukakuwekea wewe, kwa utii.

Mara ya tatu mpiga picha wako aliumwa. Tunamshukuru Mungu amepona.

Mheshimiwa, miche mitiifu yote ilikufa. Mizizi ilijisokota ndani ya vikombe, na brokoli zikatoa maua zikiwa ndogo kama vifungo vya shati. Ile mikaidi imefika magotini. Huioni kwa sababu iko nyuma ya bango lenye picha yako; tuliagizwa kuifunika ili ionekane kazi inaanza leo.

CHANGAMOTO

Miche utakayopanda leo ililetwa jana na wasaidizi wako. Ni nyanya. Shemasi Thurman aliuliza kwa upole, "Nyanya, Oktoba?" Akajibiwa, "Mzee, nyekundu inatoka vizuri kwenye picha." Baridi ya kugandisha, inayoua nyanya, inakuja baada ya wiki tatu hivi. Panda bila wasiwasi. Zitaishi muda mrefu kuliko picha nyingi za magazeti.

Bomba letu nalo limefungwa kufuli hadi uzinduzi. Maji tunabeba kwa ndoo kutoka kanisani.

MAOMBI

Tunaomba ufunguo wa bomba.

Tunaomba mwakani utuache tupande kwanza, kisha uje Novemba na sahani yako.

Ombi la mwisho si la mboga. Kwa kosa la kupanda bila kibali, ofisi yako imempiga marufuku Mama Odessa kukanyaga bustani hii. Yule mwenye kofia ya njano nje ya uzio ndiye yeye. Asubuhi tulimwambia, "Dada Odessa, pitia nyuma, hakuna atakayekuona." Akasema, "Sijaiba kitu cha watu. Aliyenifukuza ndiye atakayenifungulia."

Mheshimiwa, lango liko hatua kumi kutoka kiti chako.

Mungu akupe afya, na miguu myepesi. Sisi tunanyamaza hapa, tukungoje.

Ni sisi,
Wakulima wa Bustani ya Mtaa wa Larkin.
Imesomwa na Vernell Oakes, katibu.