Taa ya Ilarie Isizimwe

Tarehe kumi na tisa Januari, siku ya Ijumaa, saa sita mchana, umeme ulikatika katika nyumba hii, na baba yenu Ilarie akafa huku jua likiwaka juu ya theluji. Naanzia hapo, wanangu, kwa sababu yote nitakayosema jioni hii yanatoka hapo, na pumzi yangu haitoshi kuzunguka. Leontina, niwekee huo mto mgongoni. Tiberiu, kaa chini, usisimame mlangoni kama mtu aliyepita kusalimia tu. Najua gari la mgeni wako liko langoni, nalisikia linanguruma. Mwache angoje. Mtu anayefuata sahihi ya mgonjwa hawezi kulalamika kwamba mgonjwa anaongea polepole.

Mnakumbuka yule bwana aliyetuuzia zile paneli kubwa za umeme wa jua, za juu ya paa la tanuri letu la mikate. Alikula mkate wetu wa jibini, akafuta masharubu, akamwambia baba yenu, "Mzee, kuanzia leo hamtajua giza ni kitu gani." Baba yenu akamwamini, kwa sababu alimwamini kila mtu aliyekula vizuri mezani kwake. Kisha mapafu yake yakachoka na vumbi la unga la miaka yote ile, daktari akampa mashine ya hewa, na mimi sikuogopa, maana nilikuwa na paneli paa zima. Siku ile theluji ikaangusha nyaya huko kwenye kona ya mto. Mashine ikanyamaza. Nikachungulia nje, nikaziona paneli zinang'aa kama vioo vya kanisa, na ndani ya nyumba hakuna kitu. Nikakimbilia barazani, kwenye lile sanduku lenye mkono mwekundu ambalo bwana yule alinionyesha, nikapandisha, nikashusha, nikapandisha tena. Niliporudi, baba yenu alikuwa ameshaondoka.

Dada Safta, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, akaja akiwa na soksi tupu kwenye theluji, amebeba mshumaa unaowaka, ameukinga kwa kiganja. Akasimama pale pale uliposimama wewe sasa hivi, Tiberiu. Akasema, "Nimechelewa, Filofteia." Mtu wa kwetu akiondoka bila mshumaa mkononi huenda gizani, anapapasa kuta huko aliko, hata kama amekufa mchana kweupe.

Baadaye nilimpigia simu muuzaji. Akaniambia kwamba paneli za aina ile hufuata umeme wa nguzo, nguzo zikilala nazo zinalala, labda uwe na betri na kifaa chake, na kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Mimi sikulijua. Baba yenu hakulijua. Tangu siku ile mtu yeyote akinitajia mwanga namtazama mikono kwanza. Hata mishumaa ya mjini siiamini, naikwangua kwa ukucha nione kama ni nta ya nyuki au ni mafuta tu.

Sasa sikilizeni habari ya ile balbu, kwa sababu nadhani mmoja wenu haijui vizuri, na mwingine anajifanya haijui.

Bibi zetu walifundisha kwamba aliyekufa bila mwanga, wa nyumbani mwake watoe mwanga kama sadaka, wampe mtu aliye hai, naye huko ataupata. Nikafikiri nimpe nani, na moyo ukanipeleka kwa Safta, ingawa baba yenu na Safta hawakusalimiana tangu baba yenu alipomkatia mti wake wa plamu na kusogeza uzio. Nikaenda na mkate wa duara, ngano ya kuchemsha yenye asali ya kumkumbuka marehemu, na balbu mpya ndani ya kitambaa. Safta akaitazama balbu, akanitazama mimi. "Yaani mumeo alinikatia mti, na sasa anataka kunimulikia?" Nikamwambia, "Ipokee, Safta. Yuko gizani." Akaifunika balbu kwa kitambaa, akaiweka kando ya mkate. Kisha akasema, "Basi Mungu amsamehe. Lakini isiwe kali, macho yangu yanauma."

Nikavuta waya kutoka kwenye mita yetu hadi jikoni kwake. Baada ya Pasaka umeme ukakatika tena kijiji kizima. Safta akaja hadi kwenye uzio, akaniita, "Filofteia, Ilarie amezimika." Nilicheka, wanangu, kisha nikalia nikiwa na unga mikononi. Naye akaniuliza swali ambalo Padre Sava mwenyewe hakuwahi kuniuliza: "Ule mwanga ulikuwa wako, au uliazima kwa watu ukautoa sadaka?" Nikatahayari. Nani anachukua mkate wa duka la jirani akawagawia watu kwa ajili ya maiti wake?

Ndipo nikaanza kutafuta mwanga ulio wangu, na ndipo nilipowajua watu. Alikuja mmoja na karatasi za kupendeza, akasema nibadilishe kampuni tu, nitapata umeme wa upepo mtupu. Nikamwuliza utapita wapi. Akasema waya ule ule, nguzo zile zile. Nikamwuliza, "Na huo wa upepo utaujuaje ukishachanganyika na wa makaa?" Akasema, "Mama, ni suala la hesabu." Nikamwambia marehemu wangu hahesabu. Akaja baba wa ubatizo wa Leontina, mtu mwema, akataka tuweke gurudumu la umeme kwenye kijito nyuma ya bustani. Kijito kinakauka Agosti, mnajua. Baba yenu akae gizani Agosti nzima akingoja mvua? Kisha akaja wa tatu, mwenye koti la kijani, akasema paneli ni za bure kabisa. Za nani? Za kampuni. Paa la nani? Lako, Mama. Na umeme? Utanunua kwetu kwa nafuu. Nikasema, "Basi hata sadaka itakuwa yenu." Akacheka, alidhani namtania.

Mwishowe akaja yule binti fundi kutoka mjini Târgu Jiu. Sikumwamini naye, nilimwambia wazi. Nikamwambia, kabla hujala chochote hapa, zima swichi kubwa ya nyumba, halafu niambie nini kitabaki kinawaka. Akasema, "Kwa hizi mlizo nazo, hakitabaki kitu." Huyo ndiye wa kwanza aliyeniambia neno baya, nikampa kiti. Akafunga paneli mbili juu ya banda la kuku, betri ndani ya ghala, na waya mmoja hadi kwa Safta, usiogusana na nguzo popote. Tangu hapo umeme wa kijiji umekatika mara nyingi, na Safta hajaniita tena kwenye uzio.

Tiberiu, juzi mlidhani nimelala. Nilikusikia jikoni ukimwambia dada yako, "Ni balbu moja tu, Leontina." Na kwamba koti la kijani anataka mapaa yote, la nyumba, la tanuri, hata la banda la kuku, kwa miaka ishirini na mitano, na kwamba waya wa Safta utaondolewa kwa ajili ya usalama. Usiiname, mwanangu, sikusemi ili uiname. Najua unachoogopa. Umeme ukikatika mashine ya kukandia inasimama, unga unachacha, wateja wanakwenda kwingine, na wewe hutaki tanuri la baba yako life. Kuhusu hilo una haki. Lakini huyu ameketi langoni akingoja nife au nisaini, lolote litakalotangulia, na mtu wa namna hiyo simwachii paa.

Kwa hiyo shikeni haya. Tanuri na mapaa yake yote ni ya Leontina. Shamba la barabarani na farasi ni vya Tiberiu, na asije mtu akasema nilimpendelea mmoja. Uzio urudishwe pale ulipokuwa zamani, na Safta apandiwe mti wa plamu na mkono wa Tiberiu mwenyewe. Jua msilikatae, sina ugomvi na jua, nina ugomvi na midomo. Zile paneli kubwa ziongezeeni betri na kifaa chake mtakapoweza, ili mashine ya kukandia isisimame tena. Na yeyote atakayekuja na habari ya mwanga, hata akiwa mkwe wenu, hata akiwa amevaa msalaba, mwambieni azime swichi kubwa mchana, mbele yenu, kabla hajaonja mkate. Akianza kueleza badala ya kuzima, mfungulieni lango atoke.

Maji kidogo. Hapo panatosha.

Tiberiu, nenda barazani. Shusha ule mkono mwekundu, ndiyo swichi kubwa ya nyumba. Nenda, usiniulize kwa nini, nimekuzaa.

Ndiyo. Friji limenyamaza. Leontina, usiogope, taa ya mafuta ya sanamu takatifu inatosha kunionyesha uso wako. Tiberiu, rudi, pita kwa kupapasa ukuta. Umeona jinsi ilivyo? Mjongelee dada yako, simameni dirishani wote wawili. Mwiteni na yule mgeni aje atazame, kama ana nguvu ya kushuka garini.

Niambieni mnaona nini.

Semeni kwa sauti, masikio yangu yamekwenda mbali.

Inawaka. Basi. Nilitaka uione wewe, Tiberiu, siyo mimi. Yule pale jikoni kwa Safta ni baba yako. Ukikata waya ule, unamrudisha kwenye kuta.

Gari linaondoka? Liache.

Msiwashe bado. Leontina, mshumaa uko chini ya mto wangu, ni wa nta, niliukwangua mwenyewe. Uwashe kwenye taa ya sanamu. Tiberiu aushike pamoja nami, vidole vyangu havina nguvu, mkono wake juu ya wangu, hivyo. Usiuachie hata mtu akiita nje. Nawabariki, wanangu, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Msigombane juu ya farasi.

Sasa tumwombee yeye, siyo mimi. Mimi nimeshika changu.

Ee Bwana, mpumzishe mtumishi wako Ilarie, mwoka mikate, aliyeamini kila aliyeketi mezani pake. Mtoe kwenye kuta, umweke mahali penye nuru, penye majani mabichi, ambapo hakuna kilio wala pumzi ya shida. Msamehe dhambi ya mti wa plamu. Pokea ile taa ndogo kwa ajili yake, ni yetu, hatukuiazima. Na kumbukumbu yake, Bwana... kumbukumbu yake iwe ya milele.