Siku Tuliyolipigia Boila Makofi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, chini ya turubai la Mama Kahawa, uso kwa uso na bweni la chuo cha uuguzi. Ukikaa katikati unaliona vizuri bomba la moshi la chumba cha boila, maana mji wetu una baridi ya kung'ata masikio, na bila boila, mtambo wa dizeli unaochemsha maji na kupasha vyumba joto, wale wanafunzi hawaogi wala hawalali. Anayeongoza vikao ni Spika, kinyozi. Kibanda chake kiko hatua tatu kutoka benchini na wateja wake wamezoea kungoja na povu kidevuni mpaka hoja iishe. Takwimu ni fundi viatu ambaye hajawahi kusema jambo bila kulibandika asilimia. Mama Kahawa mwenyewe hamwagi kahawa wala maneno. Wa nne ni mimi, fundi umeme, ambaye tangu miezi miwili iliyopita naitwa Injinia, kwa sababu ndimi niliyefunga kile kidude cha elektroniki kinachoongoza boila la bweni. Jina hilo nilikuwa nalipenda, nisiseme uongo. Ijumaa hii ninayoisimulia, kila walipolitaja nilitamani ubao upasuke nidondoke chini.

SPIKA: Kikao kimefunguliwa. Hoja ni moja: dizeli ya bweni inakwenda wapi?

TAKWIMU: Hoja gani tena hiyo? Si wameshamkamata Mzee Boila?

MAMA KAHAWA: Hajakamatwa. Ameambiwa akabidhi ufunguo wa tangi akae nyumbani mpaka aitwe. Usimpeleke mtu jela kwa mdomo wako.

TAKWIMU: Mama, asilimia sabini na nane ya wezi wa mafuta ni watu wenye ufunguo.

MAMA KAHAWA: Na hao wengine?

TAKWIMU: Hao wana mpira wa kunyonyea.

SPIKA: Tuweke mambo sawa. Mzee ameliendesha lile boila miaka ishirini na miwili. Analiwasha kwa mkono, analizima kwa mkono, anagusa bomba kwa mgongo wa kiganja anajua kama maji yako tayari. Miaka yote hiyo tangi linamaliza mwezi. Inaletwa mashine ya kisasa, inayojiwasha na kujizima yenyewe ili kubana matumizi, na tangi linaisha kwa wiki mbili! Sasa nani anakunywa?

TAKWIMU: Madereva wa malori.

SPIKA: Hapana. Lori lingesimama pale tungeliona. Mimi nasema kuna bomba chini ya ardhi. Kutoka kwenye tangi mpaka uani kwake.

TAKWIMU: Kwake ni ng'ambo ya mto!

SPIKA: Ndiyo maana imemchukua miaka ishirini na miwili.

Mteja wa Spika, aliyenyolewa nusu ya kidevu, alicheka mpaka akakosa pumzi. Mimi nilikishika kikombe changu kwa mikono miwili nikatazama ndani, kahawa imepoa ina utando juu. Walidhani nafikiri.

TAKWIMU: Na yale madirisha je? Mmeyaona? Baridi hii, watu tumevaa makoti mawili mawili, wasichana wamefungua madirisha yote na wamekaa pale na fulana za mikono mifupi.

SPIKA: Hiyo ni ishara.

TAKWIMU: Ishara ya nini?

SPIKA: Ya mnunuzi. Akipita akaona dirisha wazi anajua dumu liko tayari.

TAKWIMU: Madirisha arobaini na matatu yote wazi!

SPIKA: Basi leo madumu arobaini na matatu. Mnaona ilivyo kubwa hii kitu?

MAMA KAHAWA: Au labda wanasikia joto.

Wakamtazama Mama kama aliyetukana.

TAKWIMU: Joto litoke wapi, Mama, na kidude cha Injinia kipo? Kile kinapima chumba, kikifika kiwango kinaliambia boila basi. Hakikosei hata nukta. Eti Injinia?

Nikasema, mmh.

SPIKA: Muacheni, mtu mwenye elimu hapayuki. Mimi nilikuwepo siku ya uzinduzi. Ukumbi wa chakula umejaa, Matroni amesimama mbele, wanafunzi mpaka mlangoni. Injinia akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Nikasema leo kaka yetu kaumbuka. Akashuka chini chumba cha boila dakika tano tu, mara nikasikia vuuuum! Sakafu ikatetemeka. Makofi yale sijayasikia hata harusini.

TAKWIMU: Ulikaza nini kule chini, Injinia?

Nikasema, skrubu.

Hapo inabidi niwaeleze ninyi nilichoshindwa kuwaeleza wenzangu benchini. Boila likitoka kiwandani lina kipande cha waya, kifupi kama kidole gumba, kinachounganisha skrubu mbili ndani ya kisanduku chake. Kazi yake ni kuliambia boila liwake muda wote. Ukifunga kidude cha ukutani, unatoa kile kipande, na mahali pake unaweka nyaya mbili zinazotoka kwenye kidude, ili kidude ndicho kiamue. Nilifanya hivyo hasa. Nilikitoa nikakitia mfukoni, nikaunganisha, nikapanda ukumbini. Lakini ukumbi ule ulikuwa na watu mia na zaidi, wamebanana, wanapumua, wamevaa masweta. Chumba kilishapata joto la watu. Kidude kikapima, kikaona hakuna haja ya kuwasha, kikanyamaza. Kilikuwa sahihi kuliko mimi. Mimi niliona macho ya watu tu. Nikashuka mbio, jasho linanitoka, nikakirudisha kile kipande mahali pake juu ya nyaya zangu, boila likanguruma, na kule juu wakapiga makofi.

Nilijiambia kawaya kadogo vile hakawezi kuharibu kitu, nitarudi kesho kukatazama. Kesho yake nikaitwa Injinia, sikurudi. Jumatatu ya wiki hii nilipata kazi kama ile kwenye jengo jingine, nikakaa chini kuisoma karatasi ya maelekezo kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Ukurasa wa tatu una picha ya kipande kile, kimepigwa alama nyekundu ya kukata. Nilisoma mistari minne iliyo chini yake mara mbili, kisha nikaikunja karatasi ndogo kabisa nikaisukumiza chini ya koleo ndani ya mfuko wa vifaa. Kile kidude cha ukutani, wanachokipandisha na kukishusha kiwango kila siku, hakiongozi chochote. Ni pambo.

Jumatano niliitwa ofisini kwa Matroni. Mzee Boila alikuwa amesimama, kofia mkononi. Matroni akaniuliza mbele yake: fundi, mashine yako ina tatizo lolote? Nikajibu kwamba mashine haina tatizo. Na kweli mashine haikuwa na tatizo. Nilijificha ndani ya neno hilo kama mwizi ndani ya pipa, na mzee akaweka ufunguo mezani.

SPIKA: Nimelipata! Nimelipata, nyamazeni. Ni wivu. Mzee anaionea wivu mashine. Hauzi dizeli hata tone. Anaimwaga! Anaimwaga ardhini ili mashine ionekane mlafi, arudishiwe kazi yake ya kugusa bomba.

TAKWIMU: Hiyo inaingia akilini. Asilimia tisini na moja.

SPIKA: Kuanzia leo nasema hadharani, mimi kinyozi wa mtaa huu simnyoi yule mzee.

MAMA KAHAWA: Spika.

SPIKA: Simnyoi! Injinia mwenyewe alisema ofisini mashine nzima. Au hukusema?

Nikasema, nilisema.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma ya turubai, sijui kwa muda gani. Alikuwa na utepe wa kupimia nguo shingoni, na vidole vyake vilikuwa vinaushika na kuuachia. Mama Kahawa ndiye aliyemtambua, akaacha birika.

MAMA KAHAWA: Karibu, mwanangu. Huyu ni binti wa Mzee Boila, yule fundi cherehani.

Spika akajifanya kutafuta wembe.

BINTI: Habari zenu. Sikuja kugombana. Nina swali moja, na ninyi ndio mnaokaa hapa.

SPIKA: Uliza, dada yetu. Hapa hakuna swali linaloshindikana.

BINTI: Lile boila huwa linazima saa ngapi?

Wote wakageuka kulitazama bomba. Moshi ulikuwa unatoka, mweupe, wa kawaida, ule ule tuliouona asubuhi tukifika.

SPIKA: Linazima... Takwimu, linazima saa ngapi?

TAKWIMU: Mimi hufunga kazi saa kumi na moja.

BINTI: Saa kumi na moja huwa limezima?

TAKWIMU: Linatoa moshi.

BINTI: Na asubuhi?

MAMA KAHAWA: Mimi nafika kabla ya wote. Linatoa moshi.

BINTI: Baba anasema tangu lifungwe kile kidude hajalisikia likipumzika kama zamani. Alimwambia Matroni, Matroni akasema fundi amethibitisha. Nikasema nije niulize wanaolitazama kutwa. Kuna mmoja wenu amewahi kuliona limezima?

Takwimu alifungua mdomo. Mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoka na tarakimu yoyote. Spika alitazama wembe. Mteja wake akajifuta povu mwenyewe kwa taulo. Mimi masikio yalikuwa yanawaka, na nikajua kwamba nikinyamaza na hapa nitanyamaza mpaka kaburini.

Nikasema: Halizimi. Niliacha waya ndani. Mzee hajaiba hata kijiko.

Halafu Spika akapiga goti lake.

SPIKA: Jamani! Mmeona utu huo? Injinia anajibebesha kosa ili amwokoe mzee wa watu!

TAKWIMU: Watu wa namna hii wamebaki asilimia mbili.

MIMI: Sijibebeshi. Ni langu.

SPIKA: Anaona huruma. Binti kaja na utepe shingoni, moyo umemlainika. Mama, mwongezee kahawa kwa gharama yangu!

MIMI: Spika, nisikilize. Siku ya makofi, nilipokwenda chini, sikukaza skrubu yoyote. Nilirudisha waya uliotakiwa kutoka. Hakuna mtu aliyeiba, boila linachoma mafuta mchana na usiku, ndiyo maana wasichana wamefungua madirisha.

Mama Kahawa alikuwa ameshainamisha birika juu ya kikombe changu. Akaliinua bila kumimina, akarudi nalo kwenye jiko lake. Hapo ndipo Spika alipoelewa; nilimwona usoni, ule mdomo wa kuongoza vikao ukifunga taratibu. Hakuna aliyenitazama isipokuwa yule binti. Alikuja akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

BINTI: Ulijua lini?

Ningeweza kusema sasa hivi. Ningesema nilikuwa nawaza hapa benchini, likanijia. Neno lilikuwa tayari, nilishalitia mate.

MIMI: Jumatatu.

BINTI: Jumatano ulikuwa ofisini.

MIMI: Nilikuwepo.

BINTI: Baba alirudi siku ile akavua viatu mlangoni, akaniuliza kama nami naamini. Baba yangu. Ananiuliza mimi.

Takwimu alikuwa anakigongagonga kisigino cha kiatu ambacho hakikuwa na msumari. Nikainuka, nikachukua mfuko wangu wa vifaa.

BINTI: Yuko pale getini. Amekuja kuchukua koti lake lililobaki chumba cha boila, mlinzi anasema hana ruhusa ya kumwingiza.

Barabara ile naivuka kila siku kwa hatua kumi na tano. Siku hiyo, binti akinifuata nyuma, nilisimama katikati, pikipiki ikanipigia honi, mwenyewe akanitukana na nikaona amenitendea haki. Mzee Boila alikuwa ameegemea nguzo ya geti, shati jepesi, mikono amejikumbatia kwa baridi. Nilimsalimu shikamoo. Hakuitikia marahaba.

— Juzi ofisini, alisema, ulipoulizwa, nilikutazama. Uliniona?

— Nilikuona, mzee.

— Ulijua?

— Nilijua.

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa akiutarajia. Nyuma ya ukuta boila lilikuwa linanguruma, na sote watatu tulikuwa tunalisikia. Kisha akageuka, akaligonga geti kwa konde lake na kumwambia mlinzi amwite Matroni, kuna mtu hapa ana jambo la kusema.

Nikasimama pale na mfuko wangu, natafuta karatasi ya maelekezo chini ya koleo. Nitawaambia ukweli kwa sababu nilishaamua kuusema: nilikuwa naomba Mungu Matroni achelewe, awe kwenye kikao, awe amesafiri.

Hakuchelewa.