Tuisheni ya Geti la Bluu

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makreti mawili, mbele ya kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Gundi. Ukikaa hapo unatazamana na geti la bluu ng'ambo ya barabara, na ndani ya geti hilo, kwenye gereji isiyo na gari, Mwalimu mmoja wa kike anafundisha tuisheni kila siku saa kumi. Gundi hakulipenda geti hilo hata kidogo. Binti yake alikuwa wa tatu darasani miaka yote, bila msaada wa mtu. Muhula huu nafasi hiyo ameinyakua mtoto wa huyu fundi cherehani wanayemwita Sindano, mtoto aliyekuwa wa thelathini kabla ya kuanza tuisheni pale, na Sindano haachi kuja kunywa kahawa ili kuhakikisha hakuna aliyesahau. Wivu ulimkaba Gundi mpaka kahawa haikuwa na ladha.

— Wa tatu, akasema Sindano, akipuliza kikombe. Ripoti nimeibandika dukani, juu ya kioo cha wateja.

— Tumeiona, akasema Gundi. Jana tumeiona, juzi tumeiona.

— Mimi nasema yule mama anapata mtihani kabla haujachapwa, akasema Tarishi, mzee mstaafu mwenye birika lake. Nimebeba bahasha za ofisi miaka thelathini. Bahasha iliyofunguliwa naijua kwa harufu.

— Umeinusa ya kwake?

— Upepo wa huku unavuma kinyume, bwana.

Gundi akaweka nyundo chini.

— Mtihani wapi. Tazameni viatu. Watoto wa pale nawashonea mimi, soli zao haziliki. Mtoto hachezi, haruki, amekaa tu. Sasa ile damu iliyokuwa iende miguuni inakwenda wapi?

— Wapi?

— Kichwani. Zile si akili, ni damu. Wakitembea kidogo tu yote inashuka.

— Wangu anacheza mpira kila siku.

— Ndiyo maana kaishia wa tatu.

Tarishi akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Alipomaliza kujifuta, sauti ikawa ya chini.

— Na lile dirisha la uchochoroni je? Halifungwi, hata mvua ikinyesha. Ni la kuvutia akili. Mtoto wa nje akipita, anachokijua kinavutwa ndani wanagawana. Binti yako, Gundi, si anapita pale akitoka shule?

Gundi akalitazama geti. Siku nyingine angemcheka mzee wa watu, lakini leo neno lile lilimwingia, kwa sababu lilimpa mtu wa kumlaumu.

— Kila siku anapita, akasema.

— Si umwandikishe tu, jirani, akasema Sindano. Mama yake amekuomba mara ngapi?

— Mwanangu hakanyagi pale. Nimeapa. Ili kesho mseme kamfuata mtoto wa nani?

— Basi sawa. Mbona leo nimemwona na malapa?

— Jana karudi na kiatu kimoja. Anasema mbwa kakimbia na kingine.

— Kile ulichokishona kwa uzi mwekundu niliokupa?

— Hicho hicho. Mweusi ulikuwa umeniishia.

Geti la bluu likafunguka. Mwalimu, ambaye hajawahi kuvuka barabara kuja kijiweni, akavuka, na mfuko wa plastiki mkononi.

— Habari za hapa, wazee wangu.

— Nzuri, Mwalimu. Karibu.

— Fundi, nasikia viatu vya mtaa huu vyote vinapita kwako. Wiki ya tatu sasa kuna mtoto anakaa nje chini ya dirisha langu la uchochoroni, juu ya kopo la rangi. Najua yupo, ndiyo maana silifungi. Jana swali limewashinda wa ndani wote, jibu likatoka nje. Nikatoka kumkaribisha, akatimua mbio, akaacha hiki.

Akatoa kiatu cheusi cha shule. Kisiginoni kilikuwa na mshono mwekundu.

— Nataka apate kiti kama wenzake. Ni cha nani?

Sindano, ambaye mchana kutwa hakukosa la kusema, aliuona uzi wake mwenyewe, akainamia kikombe. Tarishi akainamisha birika na halikutoa kitu. Gundi akakipokea kiatu. Alikumbuka alivyomwambia binti avumilie rangi ile, na binti akasema sawa baba, kwa sauti ile ile aliyoitumia kueleza habari za mbwa. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko wivu wote wa muhula mzima.

— Unamjua mwenyewe, Fundi?

— Nilidhani namjua, akasema Gundi. Geti unafungua saa ngapi?

— Saa kumi, jirani, akajibu Sindano taratibu. Mlete mapema kidogo, viti vya mbele vinawahiwa.