Mtunza Bwawa Aliyetaka Kujua Huko Chini Kuna Nini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza bwawa la kuogelea la shule yetu atakabidhi funguo na kustaafu. Wengi tunamfahamu kwa jina moja tu, Nchi Kavu, na jina hilo halikuja bure.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa. Kila asubuhi alipima dawa ya maji, akaopoa majani kwa wavu wa mpini mrefu, akasugua kuta. Saa ya mkononi ikidondoka bwawani, ungeweza kuisoma ikiwa huko huko chini. Lakini yeye mwenyewe hakulowesha hata goti. Utotoni alitumbukia kisimani akaokolewa na dada yake, na tangu hapo aliyaheshimu maji kwa mbali. Wanafunzi walipomtania, aliwajibu kwamba mpishi halazimiki kuingia chunguni.

Hata hivyo, udadisi ulimla. Aliwahoji watoto: huko chini kuna sauti gani? Taa huonekanaje? Mmoja akamwambia kwamba pampu husikika kama paka anayekoroma. Pampu ile aliifungua na kuifunga miaka nenda rudi, wala hakuwahi kuisikia ikikoroma. Jambo hilo lilimkosesha raha.

Mwaka wake wa kumi na tisa kazini, wanafunzi wakiwa likizo, alimwomba mwalimu wa michezo amsimamie. Siku ya kwanza alifika ngazini na kaptula yake, akarudi kuvaa suruali. Siku ya pili akakumbuka ghafla kwamba kichujio hakijasafishwa. Siku ya tatu mwalimu akamwambia, "Kaka, leo hatuogelei. Ni ngazi moja tu, halafu tukanywe chai."

Akashuka ngazi moja. Maji yakamfika kwenye kifundo cha mguu. Alicheka, akaenda kunywa chai. Kesho yake, ngazi ya pili. Siku ya tisa alizamisha kichwa, akakaa humo mpaka mwalimu akaanza kuvua viatu. Alipoibuka alipiga kelele, "Kweli inakoroma!"

Miezi minane baadaye aliogelea ukuta hadi ukuta. Kisha akaomba kibali cha kuwafundisha wenzake kila Jumamosi. Wapishi, walinzi na sisi wa masjala, jumla watu ishirini na watatu, tumejifunza kwake, wengi tukiwa tumeshavuka miaka arobaini. Hakumsukuma wala kumcheka mtu. Kasoro yake ni kukatiza somo kila aonapo jani linaelea.

Jumamosi iliyopita mkewe, ambaye kwa miaka yote alikaa mbali kwenye benchi, alivua ndala akasogea ukingoni. Mzee alisimama majini, mkono ameunyoosha, nusu saa nzima bila kumharakisha. Hatimaye mama akaguna, "Haya, nishike vizuri basi," akashuka.

Ahsante, kaka, kwa maji safi na kwa subira yako. Wewe na mama, tunawaombea afya tele na siku nyingi za raha.